Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: makosa ya tahajia na uchaguzi wa maneno ya Kiswahili

Kazi yangu ni kuchapa na kuhariri: barua za maombi, mikataba ya nyumba na mashamba, taarifa za miradi, kadi za harusi, tasnifu za wanafunzi. Meza yangu iko Dodoma mjini, na maswali yaliyo hapa chini ni yale yanayorudi mezani kila wiki. Yanayofanana nimeyaunganisha, na jibu likishatolewa mahali pengine nakuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Si tuliambiwa Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa? Makosa yanatoka wapi basi?

Kinaandikwa kama kinavyotamkwa, ila swali ni kinavyotamkwa na nani. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, msingi wa Kiswahili sanifu ulikuwa tayari umewekwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Tahajia tunayofundishwa shuleni inafuata mdomo wa Unguja, na sisi wa huku kati tumejifunza Kiswahili juu ya Kigogo, Kirangi, Kisandawe, Kiburunge na nyingine. Tena tangu serikali ianze kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, ofisi moja ya Dodoma inaweza kuwa na Msukuma, Mhaya, Mmakonde na Mchaga, kila mmoja akiandika anavyosikia. Kosa la mtu mara nyingi linakwambia anatoka wapi. Halina uhusiano na akili yake.

2. Nani anaamua neno lipi ni sahihi?

Kwa Tanzania ni Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kamusi nazo zina uzito wake, ingawa hazikubaliani kila mahali. Kamusi mbili zikitofautiana, chagua tahajia moja uishike kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji atakusamehe kuchagua "takriban" au "takribani", lakini akizikuta zote mbili katika aya moja ataanza kuwa na shaka hata na hesabu zako. (Maneno yenye sura mbili yako swali la 18.)

3. Kama naeleweka, kuna shida gani?

Ukimwandikia dada yako ujumbe wa simu, hakuna shida yoyote. Mwandikie unavyoongea. Shida huanza pale anayesoma hakujui, hawezi kukuuliza, na ana maamuzi ya kufanya juu ya karatasi yako. Soma swali la 6 na la 12 uone herufi moja au mbili zinavyoweza kumhamisha mtu upande wa mkataba.

## Sauti zinazotuponza

4. Nitajuaje pa kuweka r na pa kuweka l?

Hakuna kanuni. Afadhali niseme ukweli kuliko kukupa ujanja usiofanya kazi. Lugha nyingi za nyumbani zina sauti moja tu kati ya hizi mbili, kwa hiyo sikio halina cha kutofautisha. Linalosaidia ni kujifunza jozi zinazobadilisha maana: *kura* ya uchaguzi na *kula* chakula, *karamu* ya kusherehekea na *kalamu* ya kuandikia, *mahari* ya mke na *mahali* pa kukutana.

Baada ya hapo, orodhesha maneno yako mwenyewe unayoyakosea. Kila mtu ana kama kumi hivi, hayazidi sana. Yangu yalikuwa "matalajio" (ni *matarajio*) na "ratiba", na hiyo ya pili nilikuwa naiandika sawa lakini naitilia shaka kila mara. Yabandike ukutani karibu na unapoandikia.

5. Thamani, dhamana, zamani, samani: yapi ni yapi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu maneno yote manne yanaweza kukaa ndani ya sentensi moja ya benki. *Thamani* ni kima cha kitu. *Dhamana* ni kinachowekwa ili mkopaji au mshtakiwa aaminiwe. *Zamani* ni wakati uliopita. *Samani* ni meza, viti na makabati. Sasa jaribu: "Samani za zamani zenye thamani ya shilingi milioni 2 ziliwekwa dhamana." Anayeandika "dhamani" hujui amekusudia lipi, na afisa mikopo hana muda wa kukisia.

Sauti *th*, *dh* na *gh* ziliingia kwa wingi na maneno ya Kiarabu, ndiyo maana wengi wetu bara tunazigeuza kuwa *s*, *z* na *g*: "feza", "tafazali", "nazani", "azabu". Andika *fedha, tafadhali, nadhani, adhabu*. Lakini angalia usipitilize. Kuna watu wakishagundua kwamba *dh* ni ya kisomi wanaimwaga kila mahali, wanaandika "wadhazi" na "dhawadi". Ni *wazazi* na *zawadi*, basi.

Jozi nyingine ya kuichunga ni *dhibiti* na *thibitisha*. Kudhibiti matumizi ni kuyabana. Kuthibitisha matumizi ni kuonyesha kuwa kweli yalifanyika. Nimeona taarifa ya mradi iliyoahidi "kuthibiti matumizi ya fedha", na hadi leo sijui waliahidi nini.

6. Herufi h ina umuhimu gani? Mbona wengine hawaitamki kabisa?

Katika Kiswahili *h* ndiyo inayobeba kukanusha. "Mpangaji atalipa bili ya maji" na "Mpangaji hatalipa bili ya maji" zinatofautiana kwa herufi moja, na mwenye nyumba na mpangaji wake wanaweza kufikishana kwa mtendaji wa mtaa kwa ajili ya herufi hiyo. Ukiwa mtu wa kuidondosha, kabla hujasaini kitu soma kila kitenzi kwa sauti na ujiulize: nimekubali au nimekataa?

Jozi nyingine: *aina* na *haina*, *ajali* na *hajali*. *Athari* ni matokeo, *hadhari* ni tahadhari, na "hathari" haipo. Vilevile ni *halafu*, siyo "alafu".

7. Hafla au ghafla?

*Hafla* ni shughuli ya watu kukusanyika, *ghafla* ni bila kutarajia. Hili nilijifunza kwa mfuko wangu. Miaka ile naanza, nilichapa kadi 200 za harusi zenye maneno "unakaribishwa katika ghafla ya kumpongeza bibi harusi". Mama wa binti aliisoma moja, akanitazama, akasema, "Mwanangu, kwani hii harusi tumeanza kuijua leo?" Nikazichapa upya zote kwa gharama yangu.

Na *kusherehekea*: she-re-he-ke-a. Siyo "kusheherekea", hata kama wanaosema hivyo ni wengi kuliko wanaosema vizuri.

8. Irabu moja au mbili?

Sema neno polepole, uhesabu silabi. *Kufa* na *kufaa*. *Kata* na *kataa*. *Sana* na *sanaa*. "Dawa hii imekufa kwa mbuzi wangu" imewahi kuandikwa, na aliyeiandika alikuwa anaisifu dawa.

9. Ng na ng' zina tofauti? Alama ile juu ni ya lazima?

Ni ya lazima. *Ngoma* ina sauti ya g ndani yake, *ng'ombe* haina. Kata ya Chang'ombe hapa mjini ukiiandika "Changombe", wenyeji wataelewa, lakini mgeni ataitamka kama *ngoma*. Andika *nyang'anya, kung'oa, ng'ambo, mng'aro*. Alama ni ritifaa ya kawaida (') ileile iliyo kwenye simu na kompyuta yako.

10. Muhitimu au mhitimu? Mhimu au muhimu?

Jina la mtu anayetenda au mwenye kazi fulani huanza na *mh-*: mhitimu, mhudumu, mhariri, mhasibu, mhandisi, mhusika. Wingi wake ni *wah-*. Maneno yasiyo majina ya watu mengi yao yana *muh-*: muhimu, muhula, muhuri, muhtasari. *Muhogo* na *mhogo* yote utayakuta, ukila ladha ni ileile.

11. Kwasababu, kwahiyo, kwanini: yanaunganishwa?

Hayaunganishwi. Andika *kwa sababu, kwa hiyo, kwa nini, hata hivyo, kwa ajili ya*. Yanayoandikwa kama neno moja ni *isipokuwa, ijapokuwa, endapo, mwanasiasa, mwanafunzi*.

Kosa la upande wa pili ni kukata kitenzi vipande: "nime kuja", "ana taka", "wali tuambia". Viambishi vya kitenzi havina maisha nje ya kitenzi chao. "Nime" peke yake ni nini?

Hapohapo niseme juu ya *kuwa* na *kua*. *Kua* ni kuongezeka kimo au umri, kama mtoto au mhindi. Mengine yote ni *kuwa*. Lakini *chukua, nunua, pakua, jua* hayana *w*.

## Kuchagua neno

12. Nimekodi au nimekodisha? Napanga au napangisha?

Anayetoa fedha ili atumie mali ya mwingine *anakodi* au *anapanga*. Mwenye mali *anakodisha* au *anapangisha*. Ni kiambishi kidogo tu, *-sh-*, lakini ndicho kinachosema nani mwenye mali.

Mama mmoja wa upande wa Hombolo aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa amempa kijana shamba lake la mizabibu kwa misimu minne, yaani miaka miwili, maana zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Karatasi, iliyoandikwa kwa mkono na kupigwa dole gumba la wino wa buluu, ilisema: "Mimi nimekodi shamba la ekari mbili kwa ndugu huyu." Isome tena. Kwa maandishi hayo mwenye shamba ni kijana, na mama ndiye mpangaji. Walipokosana juu ya mavuno, kijana aliisoma karatasi kama ilivyo. Kilichomwokoa mama ni balozi na majirani waliolijua shamba tangu mumewe anachimba mashimo ya miche. Karatasi yenyewe ilikuwa inamshtaki.

Nilimwandikia upya: "Mimi, mmiliki wa shamba, nimemkodisha..." Neno *mmiliki* nililiongeza kwa makusudi. Penye haki ya mtu usiiachie herufi mbili kazi yote.

(Na tukiwa hapohapo: mti ni *mzabibu*, wingi *mizabibu*. Tunda ni *zabibu*, moja au kreti zima. "Mazabibu" liache.)

13. Naweza kutumia "aidha" nikitaka kutoa chaguo mbili?

Hapana. *Aidha* maana yake ni vilevile, pia, zaidi ya hayo. "Mkutano ulipitisha bajeti. Aidha, ulichagua viongozi wapya." Watu huivuta kwenye "aidha uje au utume mtu" kwa sababu inafanana kwa sauti na neno la Kiingereza la maana hiyo. Kiswahili kina *ama*: "Ama uje, au utume mtu."

14. Kuna maneno gani mengine ya ofisini yanayochanganywa?

*Kuwasilisha* ni kufikisha kitu mbele ya mhusika, *kuwakilisha* ni kusimama badala ya mtu. Unawasilisha ripoti, unamwakilisha mkurugenzi. Ukiandika "nimeiwakilisha ripoti" umesimama badala ya karatasi.

*Maadhimisho* ni ya sikukuu, *maazimio* ni ya kikao.

*Mtuhumiwa* anashukiwa tu, *mshtakiwa* amefikishwa mahakamani, *mahabusu* anashikiliwa akingoja kesi, *mfungwa* amehukumiwa. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo tofauti hizi si za wanahabari peke yao tena.

*Uamuzi* ni mmoja, *maamuzi* ni mengi. Mwenyekiti akikata shauri moja, ametoa uamuzi.

15. "Kufuatia", "wahanga", "mwisho wa siku": mbona wahariri wanayakata?

*Kufuatia* wengi hulitumia kutaja sababu: "kufuatia mvua, barabara imefungwa". Mvua haikufuatwa na mtu. Sema *kutokana na mvua*.

*Mhanga* ni mtu aliyejitoa au kutolewa kafara, ndiyo maana tunasema kujitoa mhanga. Waliokumbwa na mafuriko bila kupenda ni *waathirika*. Na ukiandika "muhanga" unakaribia zaidi yule mnyama mwenye pua ndefu anayechimbua mchwa usiku.

"Mwisho wa siku" kwa Kiswahili ni jua linapozama. Ukitaka kusema baada ya yote, sema *hatimaye* au *mwishowe*. Vivyo hivyo picha *hupigwa*, mtihani *hufanywa*. Havichukuliwi, labda picha uwe unaibeba.

16. Gari limeharibika au imeharibika? Ng'ombe wangu au yangu?

Kwa maandishi sanifu: *gari hili limeharibika, magari haya*. Mazungumzoni "gari imeharibika" utaisikia kila stendi, na wala sitakurekebisha tukiwa tunasukuma pamoja.

Wanyama wanafuata kundi la watu: *ng'ombe wangu amepotea, mbuzi wangu wamerudi*. Walio wetu wa karibu huchukua *yangu* kwa umoja na *zangu* kwa wingi: *rafiki yangu, ndugu zangu, mama yangu*. Kwa *mtoto* ni *wangu*.

Na ni *sisi sote*, *nyinyi nyote*, *wao wote*.

## Barua, namba na majina

17. Barua ya ofisi lazima ianze na "Husika na kichwa cha habari hapo juu"?

Hakuna sheria hiyo. Ni mazoea, na mimi nayapinga. Umeshaandika YAH au KUH pamoja na kichwa cha barua. Anayesoma amekiona. Sentensi yako ya kwanza ni mali, itumie kusema unachotaka: "Naomba likizo ya siku 14 kuanzia tarehe 3 Juni." Ila "Naomba kuwasilisha" mwishoni huwa naiacha. Ni adabu, na wakubwa wengine wasipoiona wanahisi mlango umefungwa usoni.

Kwenye namba, usiandike "asilimia 20%", maana umesema mara mbili. Ama *asilimia 20*, au *20%*. "Takribani watu 50 hivi" nalo lina ugonjwa huohuo. *Masaa* liache: *alisubiri kwa muda wa saa tatu* ni kipindi, *alifika saa tatu* ni wakati, na "kwa muda wa" inatosha kuzitofautisha.

Kosa la hapa kwetu hasa ni barua zinazoendelea kuandikiwa "Manispaa ya Dodoma" kwa sababu mtu ananakili barua ya zamani. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Andika *Halmashauri ya Jiji la Dodoma*.

## Penye utata

18. Onesha au onyesha? Sio au siyo? Afisa au ofisa?

Wapo wanaofundisha kwamba *onesha* inatoka kwenye *ona* na *onyesha* inatoka kwenye *onya*. Hoja ina mantiki, lakini *onyesha* imeandikwa na waandishi wazuri kwa muda mrefu mno kuitwa kosa, na mimi mwenyewe, kama ulivyoona juu, ndiyo inayonijia. Nikihariri kazi ya mtu namwachia yake.

*Asante* na *ahsante*, *afisa* na *ofisa*: shika moja. *Sio* na *siyo* pia, ila kumbuka mara nyingi *si* inatosha na inapendeza zaidi: "Yeye si mwalimu."

19. Majina ya mahali yenye tahajia ya Kigogo, niyasanifishe?

Usiyaguse. Kata ya Ng'hong'honha, kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ina herufi ambazo Kiswahili hakina, kwa sababu Kigogo kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Nakili kama lilivyo kwenye nyaraka rasmi. Hata likikuchosha.

20. Mbona kompyuta inapiga mistari myekundu chini ya kila neno langu?

Inadhani unaandika Kiingereza. Badilisha lugha ya waraka iwe Kiswahili. Kwenye simu ongeza kibodi ya Kiswahili, au uzime usahihishaji wa moja kwa moja. Lakini usahihishaji wa kawaida wa tahajia hautakamata *mahari* mahali pa *mahali*, kwa kuwa yote mawili ni maneno halali.

21. Mtu mzima akikosea, namsahihishaje bila kumvunjia heshima?

Muulize alichokusudia, usimwambie alichokosea. Na usifanye hivyo mbele ya watu.

Mzee mmoja alikuja na barua ya kupeleka Mpwapwa, kwa watu wa upande wa pili wa posa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Barua ilisema: "Tunaomba mtujulishe mahari tutakapokutana." Nikasogeza kiti, nikaweka kidole chini ya neno. "Babu, hapa ulikusudia mahali pa kikao, au mahari ya binti?"

Akaishika karatasi mbali na macho, akaisoma, akacheka hadi kofia ikamshuka. "Yote mawili, mjukuu wangu. Lakini andika mahali. Habari ya ng'ombe tutaisema tukishakaa."